Mkalimani na Kuku wa Bi Semeni

Hadithi hii imenifikia kutoka kwa mtu aliyeipata kwa mtu mwingine. Isome ukiwa umetulia. Ukiimaliza, mpelekee yeyote unayemjua ambaye kazi yake ni kusikiliza watu.

Enzi za Waingereza, katika mji mmoja wa bara, palikuwa na mkalimani wa mahakama aliyeitwa Gervasi. Kiingereza alikisoma misheni, akakinoa hospitalini alipokuwa dresa, mfunga vidonda, kisha akachukuliwa kazi mahakamani. Maneno ya daktari aliyajua yote: ini, nyongo, wengu, kibofu. Maneno ya majaji alijifunza polepole, kwa kuyasikia.

Watu walimheshimu. Lakini alikuwa na hofu moja ambayo hata mkewe hakumwambia. Aliogopa siku atakayosikia neno asilolijua mbele ya watu. Mkalimani aliyemtangulia alifungwa jela kwa kutafsiri vibaya. Wapo waliosema alihongwa, wapo waliosema maskini hakuelewa tu. Gervasi hakupata kujua lipi ni kweli, na hilo ndilo lililomtisha zaidi.

Kwa hiyo hakuwahi kusema, "Sielewi." Neno likimpita alilikisia, akaendelea, huku jasho likimteremka mgongoni.

Kwa jaji wa zamani mambo yalikwenda, maana mzee yule alikuwa na maneno yale yale kila kesi. Kisha akaugua, akaletwa mwingine. Huyu alitoka pande za milimani huko kwao, na Kiingereza chake kilikuwa kama wali wenye mchanga. Kiswahili hakukijua hata cha salamu.

Kesi ya kwanza ya jaji huyo ilikuwa ya kifo.

Ghala la pamba lilikuwa limeungua jioni moja, na mlinzi akafia ndani. Aliyeshtakiwa ni kijana mmoja, Kondo, ambaye alikuwa amegombana na mlinzi yule wiki ile ile. Siku ya moto Kondo alikuwa ugenini kwa wakwe zake, mtaa wa jirani na ghala. Wanaume waliokula naye walieleza bila chuki kwamba aliondoka mkekani kabla jua halijazama, na hawakumwona tena mpaka asubuhi.

"Ulikwenda wapi?" mwendesha mashtaka akamuuliza.

"Nilikuwa nyuma ya nyumba," Kondo akajibu.

"Nyuma ya nyumba unafanya nini, jioni nzima?"

Kondo akatazama sakafu. Watu wakaguna, na kila aliyekuwa ndani akaiona kamba ya kitanzi.

Alibaki shahidi mmoja tu wa upande wake, mama wa mkewe, Bi Semeni. Kwa watu wale, mkwe na mama mkwe ni watu wa kupishana njia. Hawali pamoja, hawatazamani usoni, na jambo lolote la mwili halitajwi mmoja akiwa anamsikia mwenzake. Sasa sheria ya Kizungu ilimsimamisha mama huyo mahali ambapo mkwewe alimtazama moja kwa moja kutoka kizimbani.

"Tueleze ulimwona wapi mshtakiwa jioni ile," aliambiwa.

Bi Semeni akafunga vizuri kanga yake, akaanza na kuku.

"Kuku yule nilipewa na dada yangu, mweusi, mwenye kishungi. Nilimfuga mwenyewe. Nikasema, huyu ni wa mkwe. Basi tukaambiwa mkwe anakuja, tukamchinja. Kumbe mvua ikamzuia mtoni, hakuja siku ile. Nyama wakala watoto. Lakini si yote. Unajua kuku ana sehemu zake. Kuna ya mgeni, kuna ya watoto. Yule kuku, nasema, alikuwa mweusi..."

"Jioni ya moto, mama," Gervasi akamkumbusha kwa upole.

"Ndiyo naja huko, mwanangu. Hiyo jioni ni kesho yake. Mkwe akaja. Karibu, karibu. Mkeka ukatandikwa. Mimi niko jikoni na ile bakuli. Bakuli yenyewe niliifunika, sikuiacha wazi, Mungu shahidi yangu. Kwa sababu kuku, ukishamchinja..."

Nyuma mtu mmoja akanong'ona, wakasikia wote, "Mtu kaitwa Semeni, mnategemea atanyamaza saa ngapi?"

Watu wakacheka kidogo. Gervasi hakucheka. Alikuwa akitafsiri kila neno, kuku baada ya kuku, akiona uso wa jaji unavyobadilika kuwa mwekundu. Kila Bi Semeni alipokaribia jioni ile, aligeuka, akarudi kwa kuku. Mara alianza upya tangu kwa dada yake.

Jaji akatua kalamu. Akasema kwa haraka sentensi moja. Gervasi akaishika kama mtu anavyodaka yai: amuulize mwanamke huyu kama anakusudia kufanya kitu fulani mpaka jioni. Na kitu chenyewe kilikuwa neno moja. Blather.

Hakuwahi kulisikia maishani.

Jaji alimtazama, wazee wa baraza waliokaa kumshauri jaji walimtazama, Sajini Makwaya aliyesimama mlangoni alimtazama. Katika ukimya ule Gervasi akalikumbuka neno ambalo daktari alilitaja kila asubuhi akipita vitandani, bladder, yaani kibofu. Hata vijana wa mpira wanalo, ndiyo blada inayojazwa upepo. Akajiambia, watu wa milimani ndivyo wanavyolitamka. Isitoshe mama huyu ni mtu mzima, amesimama tangu asubuhi. Jaji amemwonea huruma.

Akasema kwa sauti yake nzuri ya mahakamani, "Mama, Bwana Jaji anauliza kama kibofu chako kitastahimili mpaka jioni."

Hakuna aliyecheka mwanzoni. Bi Semeni alibaki kinywa wazi. Macho yake, bila kutaka, yakaenda kwa mkwewe, na Kondo akafunika uso kwa viganja vyote viwili. Ndipo mtu akapasuka kwa kicheko kule nyuma, wengine wakafuata.

Mama yule akavuta kanga mpaka machoni.

"Je, ana la kuongeza?" jaji akauliza, akiona ametulia.

Gervasi akatafsiri. Kanga ikatikisika: hapana. Akashuka.

Jaji akatangaza mapumziko. Wakirudi, alisema, atasikiliza maoni ya wazee wa baraza, kisha atatoa hukumu.

Gervasi akatoka nje, akasimama kwenye kivuli cha ukuta. Alitaka kujisadikisha kwamba amefanya kazi yake. Mzee Mkude, mmoja wa wazee wa baraza, akamfuata akiwa na kofia mkononi.

"Gervasi, mwanangu, nimekaa katika mahakama hii na wazungu wa kila namna. Sijasikia mmoja akiuliza habari ya mkojo wa shahidi."

"Ni maneno ya jaji, Mzee. Mimi ni mdomo tu."

"Sawa, wewe ni mdomo. Lakini umemtajia mwanamke habari ya haja zake mbele ya mume wa binti yake. Unadhani atasema nini tena yule? Hata ukimchoma moto hasemi."

Gervasi akajifuta jasho shingoni.

"Sisi tunakwenda kutoa maoni," Mzee Mkude akaendelea taratibu. "Kijana hana wa kumtetea. Mimi nitasema nilichosikia, na nilichosikia ni kuku. Una hakika na neno lile?"

"Nina hakika, Mzee."

Mzee akamtazama kidogo, bila ukali, akavaa kofia yake na kwenda zake.

Hapo ndipo hofu ilipomkaa Gervasi sawasawa. Mwanzo aliogopa kicheko na aibu. Sasa aliogopa kitu chenye uzito wa mtu. Akawaza, kama nimekosea, kijana yule ataning'inia kwa sababu ya ulimi wangu, nami nitakuwa nimesimama pale kumtafsiria hukumu yake. Nitamwambia mimi mwenyewe, kwa Kiswahili fasaha.

Na nikikiri? Akamwona mkalimani aliyemtangulia akipita na pingu. Akawaona watoto wake.

Miguu ikamgeuka, ikarudi ndani. Baadaye hakuweza kueleza ni nani aliyeigeuza. Akajikuta anabisha mlango wa chumba cha jaji.

Jaji alikuwa amevua wigi, anakunywa chai. Bila wigi alionekana mzee, mwenye nywele chache kama za mtoto.

"Kuna nini?"

Gervasi alikuwa amepanga kusema maneno machache. Hofu ikayatawanya. Akaanza na misheni, na padri aliyemfundisha, kwamba padri yule alikuwa mtu wa nchi nyingine na matamshi yake yalikuwa ya namna yake. Akaingia hospitalini, akamweleza daktari, vitanda, wagonjwa. Akasema mkewe hana afya. Akarudi kwa padri. Kila alipolikaribia neno lile, ulimi ulipinda, akajiona yuko tena misheni, amevaa kaptura.

Jaji akaweka kikombe chini.

"Gervasi," akasema, "you are blathering."

Gervasi akanyamaza ghafla. Kweli alikuwa amebanwa na mkojo tangu asubuhi, na hofu ilikuwa imezidisha. Akastaajabu mzungu amejuaje.

"Ndiyo, bwana," akajibu kwa heshima. "Lakini naweza kujizuia kidogo."

"Kujizuia nini?"

Gervasi, kwa aibu, akaonyesha kwa mkono chini ya tumbo.

Jaji alimtazama mkono, akamtazama uso. Na Gervasi, ambaye tangu aanze kazi hakuwahi kutamka maneno hayo, akasikia sauti yake ikiyatamka.

"Bwana Jaji, sielewi. Neno hilo maana yake nini?"

"Maana yake ni kusema maneno mengi ya kipumbavu, marefu, yasiyofika popote." Kisha sauti ya jaji ikashuka. "Ulimwambia nini yule mwanamke?"

Gervasi akamwambia. Akamweleza na habari ya mkwe na mama mkwe, kwa sentensi fupi sasa, kwa kuwa jambo kubwa lilikuwa limekwisha kutoka. Akangoja jaji acheke, au aite askari.

Jaji hakucheka. Alijaribu kuinua kikombe, lakini kikagonga kisahani, akakiacha. Gervasi akatambua kuwa kumbe hofu imewaenea wote wawili.

"Ningemhukumu alasiri hii," jaji akasema. "Ningelala usingizi mzuri kabisa."

"Mimi ndiye mwenye kosa, bwana."

"Wewe ulimwambia jambo ambalo sikulisema. Lakini nililolisema lilikuwa zuri kuliko hilo? Nilitaka aambiwe kwamba ni mpumbavu." Akasugua macho. "Na wewe sasa hivi, nilikuita hivyo hivyo. Wewe si mpumbavu. Kwa nini ulizungumza vile?"

Gervasi akafikiri. "Niliogopa, bwana. Kulikuwa na neno moja ambalo sikuweza kulisema, basi nikawa nalizunguka."

Jaji akageuka, akatazama mlango wa kuelekea mahakamani. Kisha akanyoosha mkono, akachukua wigi lake.

Waliporudi mahakamani, kabla ya lolote, Gervasi alisimama mbele ya watu wote. Akasema kwamba neno la asubuhi halikuwa la jaji, lilikuwa kosa lake yeye mkalimani, na anamwomba radhi Bi Semeni na mkwewe. Hakuna aliyecheka, labda kwa sababu hakuna aliyewahi kumsikia mtu wa serikali akisema hivyo.

Bi Semeni akaitwa tena. Akapanda, kanga usoni. Jaji akauliza swali moja tu, na safari hii Gervasi alilijua kila neno lake.

"Mama, Bwana Jaji anauliza, unaogopa nini?"

Mama akasema chini kwa chini, "Naomba mkwe wangu ageuke, atazame ukuta."

Kondo akageuka mwenyewe kabla hajaruhusiwa.

"Mwanangu," Bi Semeni akamwambia Gervasi, "usijilaumu sana. Uliponiambia lile jambo nilitamani ardhi inimeze. Nikaenda kukaa kule nje, nikawaza. Nikasema, sasa limekwisha tajwa, na mkwe amelisikia, na mimi bado nipo hai. Aibu imekwisha ingia nyumbani na kukaa mkekani. Mimi namficha nani tena?"

Akavuta pumzi.

"Kuku ana sehemu zake, nilisema. Firigisi ni ya mkwe. Siku ile mvua ilipomzuia, watoto wakala nyama, mimi firigisi nikaiweka. Ningempaje mkwe chakula bila firigisi? Kesho yake nikaipasha moto, nikampa. Kwenye mkeka ule ni yeye peke yake aliyeila. Ilikuwa imeharibika. Nilisikia harufu kidogo, nikasema labda ni bakuli. Hata jua halijazama, tumbo likamshika. Jioni nzima mkwe wangu alikuwa chooni kwangu, nyuma ya nyumba. Nilikuwa nampitishia maji juu ya ua nikiwa nimegeuza kichwa. Moto wa ghala tuliuona pamoja, yeye upande wake na mimi upande wangu, na hatukusemeshana."

Kondo, uso ukutani, mabega yake yalikuwa yanatikisika.

"Ningesemaje?" akaendelea mama. "Niseme mkwe wangu aliharisha chooni kwangu? Niseme mimi ndiye niliyemlisha uchafu? Watu wangesema mama yule anamwua mume wa mwanawe. Nilitaka nifike huko. Kila nikifika, nakuta siwezi, narudi kwa kuku."

"Je, yuko mwingine aliyejua?" jaji akauliza.

"Nilikwenda kuomba majani ya mpera nimchemshie. Mti uko uani kwa sajini huyu. Mkewe alinichumia, na wakati ananichumia ndipo kelele za moto zikaanza, nikarudi mbio, nikamkuta mkwe pale pale chooni. Sikumtajia jina la mgonjwa. Nilimwambia tu ni mkwe wa mtu."

Vichwa vyote vikageuka mlangoni. Sajini Makwaya, ambaye ndiye aliyemkamata Kondo, alikuwa amesimama wima, lakini uso umemlegea.

"Bwana Jaji," akasema kwa taabu, "mke wangu alinisimulia. Alisema kuna mkwe wa mtu ameshikwa na tumbo ukweni. Tulicheka sana. Sikuuliza ni nani."

Mke wa sajini akaletwa alasiri ile ile, akathibitisha. Wazee wa baraza hawakuhitaji kunong'onezana. Mzee Mkude alisimama na kusema, "Asubuhi nilisikia kuku tu. Kumbe kesi yote ilikuwa kwenye kuku." Kondo akaachiwa huru.

Nje ya mahakama mkwe na mama mkwe walikutana njiani. Kondo akapisha, akasimama kwenye majani, macho chini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba." Akapita hatua chache, kisha akasema bila kugeuka, "Ukija tena, utakula mchicha."

Na Gervasi? Jaji hakumpeleka jela. Alimwambia tu kwamba neno likimpita tena ainue mkono, na kesi itasimama hata kama gavana amekaa pale. Mkono ule uliinuka mara nyingi, na kila ulipoinuka bado ulikuwa na hofu kidogo.

Lile neno la Kiingereza hakulisahau kamwe, ila hakulisikia tena katika mahakama ile. Shahidi akianza kuzunguka, akirudia mbuzi wake au shamba la marehemu baba yake, watu wakianza kuchekacheka, jaji aliiweka kalamu chini. Kisha alimwinamia mkalimani na kumuuliza polepole, "Huyu analizunguka jambo gani?"

Funzo: Usiharakishe kumwita mpumbavu mtu anayesema maneno mengi yasiyofika, maana huenda analizunguka neno moja analoliogopa, muulize anaogopa nini, na wewe usipomwelewa, kubali kusema kwamba hujaelewa.